Nilingoja Idi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa pumzi na Mwenye kuipokea, aliyenipa umri wa kuwaona wajukuu na akili ya kukumbuka niliyoyaona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake, na kila aliyemfuata kwa wema. Nayaandika haya nikiwa mzima, nimeketi katika nyumba ileile ya Majengo, Nairobi, nilimozaliwa, na sina lalamiko lolote juu ya Mola wangu. Nilicho nacho ni majuto, na hayo nayo ni neema yakimfanya mtu aseme kweli.

Katika mtaa huu nina kazi mbili. Jumamosi baada ya alasiri huwafundisha akina mama dini, ndiyo sababu wakubwa kwa wadogo huniita Somo. Kazi ya pili ni kuwaosha wanawake waliofariki. Mlango ukibishwa alfajiri, marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hata haulizi kuna nini. Aliinuka, akautoa mkoba wangu wenye pamba na karafuu maiti, akauweka kando ya viatu vyangu, akarudi kulala.

Kazi hiyo ilianza na mama yetu. Alipofariki, mimi nilikuwa mwari, na dada yangu mkubwa ndio kwanza ameolewa. Walikuja wanawake wawili watu wazima tusiowajua vizuri, wakaingia chumbani, wakafunga mlango. Sisi tulibaki ukumbini tumeegemea ukuta. Tulisikia maji yakimwagwa, yakinyamaza, yakimwagwa tena, na sauti za chini wakiambizana mgeuze, shika hapa. Yule waliyekuwa wakimgeuza ndiye aliyekuwa akituogesha sisi kwenye karai. Dada akanishika mkono.

"Mimi na wewe tusioshwe na watu wasiotujua," akasema. "Atakayetangulia, aliyebaki amwoshe."

Nikamwambia sawa. Hatukuapa. Tulikubaliana tu, kama ndugu wanavyogawana kazi za nyumbani, huyu afagie, yule apike.

Tukaenda kujifunza kwa bibi mmoja jirani. Dada alikuwa na mkono mwepesi kuliko mimi. Bibi alikuwa akisema kwamba akimwagiwa maji na dada angedhani ni umande, akimwagiwa na mimi angedhani ni mvua ya Aprili. Lakini miaka michache baadaye shemeji yangu, ambaye wazee wake walitoka Arabuni, aliitwa na jamaa zake huko Ghuba, akamchukua mkewe na mtoto wao wa kike. Mimi nikabaki na Majengo na mkoba.

Dada alikuwa akija kututembelea kila alipojaliwa. Alikuwa haishi kunitania. Akinikumbatia mlangoni, ananipapasa mabega, kisha anasema, "Umenenepa, bibi. Tafadhali usinitangulie. Mimi nguvu za kukugeuza sina." Nami humjibu kwamba yeye ndiye mkubwa, afuate foleni. Tulikuwa tukicheka mauti namna hiyo, kwa sababu tulikuwa tumeyazoea, na kwa sababu yalikuwa bado mbali.

Kisha ukaja ugonjwa huu wa korona. Misikiti ilifungwa, ikafunguliwa, watu wakaswali wameachana kama meno ya mzee. Tulizika watu wengi wakati ule, Mungu awaweke mahali pema. Ilipofika zamu ya sisi wazee kuchanjwa, Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nami nilikuwa na shughuli zangu za kawaida za kuipokea, kusafisha nyumba, kuchambua tende za darasa, na misiba miwili iliyofuatana. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Mwezi ukaandama, sijaenda.

Hapa ndipo panaponiuma, na sitaki msomaji apapite haraka.

Sikuwa miongoni mwa wale waliosema chanjo ni njama. Hata siku moja sikulisema hilo, wala sikuliamini. Imamu wetu alitangaza kwamba sindano ya mkononi haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji wala haipiti mahali pa kulia. Nilikuwa nikilijua hilo kabla yake, na nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Wauguzi wakaja mpaka uani pa msikiti na sanduku lao la barafu, wakapanga viti. Mmoja wao, msichana mpole aliyevaa barakoa mbili, aliniona napita akaniita kwa jina wanalowaitia mabibi Nairobi.

"Shosho, njoo nikudunge mara moja tu. Haiumi."

Nikamwambia nimefunga. Akasema hata yeye ameambiwa na imamu kwamba haidhuru. Nikamwambia najua, mwanangu, lakini nitangoja Idi.

Kwa nini nilingoja? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ni kwamba nilipenda funga yangu iwe nzima, isiyo na homa wala maumivu ya mkono, isije ikanilazimu kunywa maji mchana. Watu wa mafunzo ya dini tuna ugonjwa huo. Tukishajua kwamba jambo ni halali, bado tunatafuta mahali pa mbali zaidi pa kusimama, tuitwe waangalifu. Na sehemu nyingine ni darasa langu. Akina mama walikuwa wakinitazama. Nikikaa kwenye kile kiti, wote watakaa, na mmoja wao akizirai kwa njaa watasema Somo ametufunguza. Basi nikangoja, nao wakangoja kwa sababu yangu. Nilisikia baadaye wakiambizana mferejini kwamba Somo anasubiri Idi na wao wanasubiri Idi, na wakati ule, Mungu anisamehe, maneno hayo yalinifurahisha.

Idi ikaja. Tukala pilau, tukatembeleana kwa hadhari. Siku ya tatu nikajifunga buibui, nikaenda kwenye zahanati. Yule msichana wa barakoa mbili alikuwepo. Hakunicheka wala hakunilaumu.

"Shosho, zimeisha," akasema. "Zilizobaki ni za wale waliopata ya kwanza, wanakuja kwa ya pili. Nyingine hatujui zitaletwa lini."

Nikamshukuru nikarudi nyumbani. Nilisema moyoni, kila jambo na wakati wake. Mtu mwenye subira huwa hivyo, hata kosa lake hulivisha kanzu ya subira.

Miezi miwili baada ya hapo, chanjo zikiwa bado hazijaletwa, mpwa wangu, binti ya dada, alipiga simu kutoka Ghuba. Yeye amekulia huko, Kiswahili chake ni cha nyumba ya baba yake, laini na cha taratibu. Akaniambia mama yake amechoka. Figo zilikuwa zimeshindwa, mashine haimsaidii tena, na daktari amewashauri wampeleke nyumbani, wawe karibu naye. Sukari ilikuwa imemla macho tangu zamani, sasa haoni ila mwanga.

"Anakutaka wewe," akasema. "Mama mdogo, umechanja?"

Nikamwambia bado.

Kisha akanieleza taratibu za kwao. Aliyechanjwa dozi zote akishuka kwenye ndege huenda moja kwa moja nyumbani kwa jamaa zake. Asiyechanjwa huruhusiwa kuingia, lakini hufungiwa hotelini siku saba kwanza, na huvishwa bangili ya kuonyesha kama ametoka. Hata kama ningepata sindano siku ileile, ya pili ingekuwa baada ya miezi, na dada hakuwa na miezi. Tukafanya hesabu ya watu wasio na la kufanya. Daktari alisema wiki chache. Siku saba si wiki chache. Njoo hivyo hivyo, akasema mpwa wangu, tutamwomba Mungu.

Habari zikaenea Majengo, kama zinavyoenea. Jirani yangu mmoja, fundi wa vyuma pale Gikomba, mtu mzima mwenye watoto na mwenye moyo mzuri, akaja kunipa shauri. Alisimama mlangoni akazungumza kwa sauti ya chini.

"Shosh, mbona ufungiwe hoteli na kuna msee hapo tao anauza vyeti feki za chanjo? Ni kitu ndogo. Kesho uko nayo, unapita na wenye wamedungwa."

Nikamwuliza kama na yeye atakuja nami siku ya Kiyama kunishikia hicho cheti. Akacheka, akasema hapo ajitoe, hiyo safari hana visa. Nami nikacheka. Lakini alipoondoka nilikaa kitako nikalifikiria, sitaficha. Mwishowe nikasema, nitaingiaje kwa dada yangu na uongo mkononi, kisha kwa mkono huohuo nimwoshe? Hilo silijutii. Katika safari yote ile, hilo ndilo moja ninaloweza kuliweka mbele ya Mungu bila kuinamisha kichwa.

Nikapimwa, nikaonekana sina ugonjwa, nikasafiri. Kwenye ndege niliketi karibu na msichana wa Kayole aliyekuwa akienda kufanya kazi za nyumbani. Hakuwahi kupanda ndege, nami nilikuwa nimepanda mara moja tu nilipokwenda kuhiji, basi nikawa mwalimu wake wa mkanda na wa choo. Tulipofika na kupangwa kwenye mistari, wake ulikuwa wa kushoto na wangu wa kulia. Akashangaa.

"Shosh, hujadungwa? Wewe mzee hivi? Sisi ajenti alitupeleka wote, hata tukilia."

"Ajenti wako ana akili kunishinda," nikamwambia.

Alicheka, akanikumbatia haraka, ingawa haikuruhusiwa, akapita. Nilimwona upande wa pili wa kioo akitoka na mzigo wake, mtoto asiyekuwa na ndugu hata mmoja katika nchi ile, yuko huru ndani yake. Mimi mwenye dada nilipandishwa basi la hoteli.

Chumba kilikuwa safi, kikubwa kuliko vyumba vyangu viwili vya Majengo. Dirisha halikufunguka. Juu ya dari walikuwa wamebandika mshale wa kuonyesha kibla. Chakula kiliwekwa nje juu ya kigoda, wanagonga, wanaondoka kabla hujafungua. Bangili yenyewe ilikuwa ya plastiki nyeusi, nami nilikuwa nikiisukuma juu nikitawadha ili maji yafike chini yake. Nyumba ya dada ilikuwa mwendo wa robo saa kwa gari. Mpwa wangu aliniambia jina la mtaa, nikalitafuta dirishani, nikaona ukuta wa jengo la jirani.

Dada tulizungumza kwa simu. Picha hazikuwa na faida kwake, kwa hiyo ilikuwa sauti tu. Ya kwanza aliyoniambia ni hii:

"Umefika? Uko wapi? Hotelini? Ala. Nimekuita kuja kuniosha, wewe umekuja kustarehe."

Akacheka mpaka akakohoa, na mpwa wangu akamnyang'anya simu.

Siku zilizofuata alikuwa mara macho, mara usingizini. Akiwa macho, tulikuwa tukikumbushana mambo ya kipuuzi. Aliniuliza kama ule mfereji ambao tulikuwa tukipigania foleni yake bado unatoa maji yenye kutu. Aliniuliza ni nani sasa anayepika mahamri mazuri upande wetu, nami nikamtajia, akasema huyo, mama yake alikuwa akiyakausha mafuta vibaya. Siku moja, nikitaka kumtuliza, nikamweleza vitu nilivyokuja navyo. Nikamwambia nimeleta karafuu maiti, leso mbili mpya za kumsitiri, na kwamba nimeomba mpwa wangu atafute majani ya mkunazi. Nilikuwa nikimwambia kwamba ahadi ipo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe mtoto, kazi yako imekuingia kichwani," akasema. "Kuoshwa nitaoshwa. Maiti hakosi mwoshaji. Mimi nataka nikushike. Macho yamekwenda, nimebaki na vidole."

Miaka yote ile nilikuwa nimeiweka ahadi yetu mahali pa mauti, na kumbe yeye alikuwa ameitoa huko zamani, ameileta upande wa walio hai. Nikamwambia siku zimebaki chache. Akasema haya, nakusubiri, na wewe si ndiye hodari wa subira.

Sijui kama alinitania au alinisema. Nimelipindua neno hilo huku na huku. Kwa dada yangu mambo hayo mawili yalikuwa yakikaa kiti kimoja.

Alifariki asubuhi, nilipokuwa nimemaliza kuswali dhuha. Mpwa wangu alipopiga, sikuhitaji kuambiwa. Nimebisha hodi na kubishiwa hodi mara nyingi mno kuhusu jambo hilo. Nikasema maneno tunayosema, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha nikamwuliza atazikwa saa ngapi. Baada ya adhuhuri. Kule hawacheleweshi.

Mume wa mpwa wangu alikwenda kwenye ofisi inayosimamia karantini kuomba niruhusiwe saa moja tu, na mlinzi akitaka aje nami. Walimjibu kwa adabu, wakampa pole, wakakataa. Mimi nami nikampigia simu kijana wa mapokezi. Akasema, mama, mlango hatujaufunga kwa ufunguo, lakini bangili ikitoka hapa italia, na watakaoulizwa ni wenyeji wako. Nikashukuru. Nikaenda nikasimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Kilikuwa chepesi, kingezunguka. Lakini nilikuwa nimeingia katika nchi ya watu kwa sharti, na sharti nilikuwa nimelikubali kwa ulimi wangu. Tena mpwa wangu alikuwa amekwisha kufiwa na mama. Sikuona haki nimwongezee mashtaka. Nikarudi kitandani.

Mpwa wangu akapiga tena. Alikuwa analia sasa. Mwoshaji wa kule, mwanamke mtu mzima wa Kiarabu, alikuwa njiani, na alikuwa amekubali binti wa marehemu aingie amsaidie. Mpwa wangu alitaka aiweke simu pembeni, mimi niwe nasema, yeye afuate. Lakini mwoshaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba panapooshwa maiti simu haiingii.

"Ana haki," nikamwambia. "Hata mimi huwatoa watu kwa sababu ya simu."

"Mama mdogo, mimi sijawahi. Nitamfanyia nini?"

"Lete mto. Ulaze kitandani, kichwa upande wako wa kulia. Na mimi nalaza wangu."

Basi nikaulaza mto wa hoteli juu ya kitanda, nikaufunika kwa mojawapo ya zile leso, na nikamfundisha binti ya dada yangu kumwosha mama yake. Nilimwambia amsitiri kwanza, asimfunue zaidi ya pale anapopaosha. Nilimwambia asiyapime maji kwa kidole bali kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama ya mtoto mchanga. Amwinue mabega kidogo, apitishe kiganja tumboni bila nguvu. Azungushe kitambaa mkononi kwa sehemu za siri, kisha akitupe, achukue kingine. Amtawadhishe kama anavyotawadha yeye mwenyewe. Kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, na maji ya mwisho yawe na karafuu maiti. Nilimwambia aseme naye. Si sharti la dini, ni desturi yangu tu. Namwambia maiti, sasa nakugeuza, mama, kwa sababu mtu akigeuzwa bila kuambiwa hata akiwa hai hushtuka.

Nikamwambia arudie yote. Alianza na kushoto. Nikamwambia hapana, rudi. Akarudia tena, sauti ikawa imetulia, akawa mwanafunzi kama wengine. Nilikuwa namsikia akipapasa mto wake. Kisha akauliza.

"Na nywele?"

"Zisuke mikia mitatu, uilaze nyuma."

"Mama mdogo, nywele zimeisha. Maradhi yamezimaliza. Zimebaki nyuzi."

Dada yangu alikuwa na nywele za kukalia. Ndiye aliyekuwa akinisuka mimi kila Ijumaa, ananibana kichwa katikati ya magoti yake, nikilia ananipiga kwa kitana. Nikauziba mdomo wangu kwa kanga mpaka nikaweza kusema.

"Hata zikiwa nyuzi tatu," nikamwambia. "Moja huku, moja huku, moja katikati."

Akasema sawa, nami nikamalizia kwa wasia wangu wa siku zote kwa waoshaji. Akasema, mwoshaji amefika. Simu ikakatika.

Kisha sikuwa na kazi. Nimeshaosha wanawake wengi sana, na tangu siku ya mama nilikuwa nimesahau saa ile inavyokuwa kwa aliye nje. Nililaza simu kifudifudi, nikakaa kando ya ule mto uliofunikwa leso. Nilijaribu kufuata kwa kichwa, sasa wako kichwani, sasa wanamgeuza, lakini sikujua kama wameanza, au kama yule mwanamke ana haraka, au kama maji yana joto la kutosha. Waligonga mlango, wakaacha wali na kuku. Sikuufungua. Nilikuwa nimeulaza mto kuelekea kibla bila kujua. Nilipogundua, niliitoa ile leso, nikaikunja, nikauswalia mwili usiokuwepo kwa kadiri ya elimu yangu, peke yangu, chini ya mshale wa darini.

Zilipomalizika siku zangu, walinikata bangili kwa mkasi na mpwa wangu akaja kunichukua. Alinishika mikono yote miwili akaibusu. Nyumbani kwao nilikutana na jamaa, tukasoma, tukalishana. Kitanda cha dada kilikuwa kimeshatandikwa upya. Niliketi juu yake na mpwa wangu, mlango umefungwa, nikamwuliza alikuwaje. Uso wake ulikuwaje. Je, alikuwa na vidonda mgongoni, maana aliyelala sana hupata vidonda? Je, zile nywele zilisukika?

Mpwa wangu akatazama chini.

Ni lazima nieleze jambo. Wengi hufundisha kwamba mwoshaji afiche mabaya aliyoyaona na aseme mazuri. Mimi huwakataza wanafunzi wangu yote mawili. Nawaambia, ukisema ya fulani kwamba uso wake uling'aa, siku utakayonyamaza juu ya mwingine watu watajua kwa nini. Kwa hiyo usiseme la yeyote. Nilikuwa nimemwambia mpwa wangu hivyo siku ile, ndivyo nilivyomalizia somo, kwa mazoea, kama nimalizavyo siku zote.

"Mama mdogo," akasema polepole, "nisemeje na umenikanya?"

Nilitaka kumwambia mimi si watu, mimi ni dada yake. Nilitaka kumwambia kanuni hiyo ni ya Majengo na hapa si Majengo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa ameikunja mikono yake mapajani, mikono iliyoshika kile nilichonyimwa kukishika, na nikaona ameilinda amana kwa uzuri kuliko wanafunzi wangu wote. Nikamwambia umefanya vyema, Mungu akulipe. Tukalia pamoja. Mpaka leo sijui.

Nilirudi Nairobi. Zahanati ilikuwa imepata chanjo, nikaenda siku ya kwanza tu niliyoamkia nyumbani, na wanafunzi wangu nyuma yangu. Haikuchukua muda wa kusoma Alhamdu. Mkono uliniuma kidogo mpaka magharibi, kisha ukaacha. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho.

Baada ya siku kadhaa nikaenda kwa sheikh wetu, mzee kuliko mimi, aliyenisomesha tangu utoto. Nilimweleza ahadi yangu na dada, nikamwuliza kafara yangu ni ipi, nilishe maskini au nifunge. Akaniuliza kama niliapa kwa jina la Mungu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilizuiwa. Nikasema ndiyo, nilizuiwa.

"Basi huna kafara," akasema. "Hukuapa, na ulikuwa na udhuru. Dada yako ameoshwa, ameswaliwa, amezikwa. Faradhi imetimia."

"Udhuru wenyewe niliutengeneza mimi, sheikh. Niliulea mwezi mzima."

Alikuwa akinijua vizuri, alijua nimekuja kutafuta mzigo. "Uliahirisha kwa ajili ya ibada," akasema. "Omba maghufira. Mwombee dada. Zaidi ya hapo sina."

Nilimbusu mkono nikatoka. Nilipita sokoni nikitembea polepole. Nilikuwa nimebeba pesa za kununulia mchele na maharage ya hao maskini, kwa kuwa nilikuwa na hakika atanipa watu wa kulisha. Ningalifurahi mno. Ningaliwapikia mwenyewe, ningaliwagawia kwa mkono, na kila sahani ikitoka ningalihisi inapungua. Nilinunua hivyo vitu hata hivyo, nikapika, wakala. Lakini hiyo ilikuwa sadaka tu, na sadaka ni nyongeza, hailipi kitu. Nililo nalo halina pa kulipiwa duniani. Nimelikubali. Naliombea asubuhi na jioni, nami namshukuru Mungu kwamba ameniacha niendelee kuomba.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya na wepesi katika kheri unazoziahirisha. Akufikishe kwa walio wako wakiwa bado na vidole vya kukushika. Na siku ambayo wewe mwenyewe utageuzwa na mikono ya wengine, akuletee mikono ya taratibu, maji ya uvuguvugu, na mtu wa kukuambia kwa upole, sasa nakugeuza. Amina.